Neno la Kuelekeza Maombi

Kazi ile niliipokea kwa tamaa, na nilipoulizwa kama naiweza nikajibu naiweza kabla sijaielewa. Ndivyo nilivyo. Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Kilosa mpaka nilipoacha mwenyewe kwa hasira, na tangu hapo natafsiri: vipeperushi vya mbegu, masharti ya huduma za simu, maelezo ya dawa za kuulia magugu ambayo najua hakuna mkulima atakayeyasoma. Mhariri mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwenye adabu na haraka nyingi, alinipigia akaniambia kuna kampuni inataka istilahi arobaini za Kiswahili za mtandao wa kusambaza maudhui, ziingie kwenye kitabu cha kufundishia mafundi. Sikujua mtandao wa kusambaza maudhui ni nini. Nilidhani ni watu.

Si watu, ni mashine. Mhariri alinieleza polepole, nami nitaeleza hivyohivyo, maana bila hilo kilichonipata hakitaeleweka. Video au gazeti la mtandaoni lina mashine yake ya asili, huko mbali, pengine ng'ambo ya bahari. Watu wote wakiiendea mashine hiyo moja itazidiwa, na aliye mbali atasubiri mpaka achoke. Kwa hiyo nakala huwekwa kwenye mashine nyingine nyingi zilizotawanywa mijini. Mtu wa Kilosa akibonyeza simu yake aangalie video, ombi lake linatakiwa lifike kwenye nakala iliyo karibu, iliyo hai, isiyo na foleni. Yeye hajui lolote kati ya hayo, anabonyeza tu. Kazi ya kuamua ombi la nani lihudumiwe na mashine ipi ndiyo moyo wa mtandao mzima, na ndiyo iliyokuwa haina jina.

Maneno mengine yalinyooka mapema. Seva ni seva, hakuna wa kugombana nayo. Mashine ya asili nikaiita seva chanzo, zile za mijini nikaziita seva za pembezoni. Lile moja likanikaa kooni. Nilianza na usafirishaji wa maombi, nikaufuta, kwa sababu anayeamua njia habebi chochote. Ugawaji wa maombi ulinifanya nione mtu anagawa vitenge kwenye kitchen party. Upangaji njia ulikuwa mzuri, lakini mafundi wa mitandao wameshauchukua kwa kazi nyingine iliyo chini ya hii. Kwenye kundi letu la watafsiri kuna bwana mmoja aliyeshauri tuchukue la Kiingereza tuseme kurauti, tuondokane na maneno mengi. Nilimjibu vibaya, mpaka msimamizi wa kundi akaniomba nifute. Uelekezaji wa maombi ndio niliokuwa nao mkononi, lakini kwa shingo upande. Kila nilipouandika niliona waumini wamefumba macho.

Wiki ileile baba yangu akaja kutoka Lumuma.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi huko milimani, baadaye mratibu elimu wa kata, na mpaka leo ni mzee wa kanisa. Aliteremka Jumamosi, nusu ya njia kwa bodaboda, nusu kwa lori la vitunguu, amevaa koti. Nilimwekea chai mezani akajimiminia mwenyewe, kama kawaida yake, asiyependa kuhudumiwa. Chai ikamwagika kwenye sinia, pembeni kabisa ya kikombe, naye akaendelea kumimina huku akinieleza bei ya vitunguu. Ndipo nilipojua. Jicho la kulia lilikuwa limekufa tangu mwaka uliopita, hakumwambia mtu. La kushoto lilibaki na tundu dogo katikati, na tundu lilikuwa linazidi kupungua. Zahanati ya nyumbani walimwambia ni presha ya macho, wakamwandikia barua aende hospitali Kilosa, na barua hiyo aliitoa mfuko wa ndani wa koti, ndani ya bahasha, ndani ya bahasha nyingine.

Niliumia kwa kuwa alitufichia, nikamwambia hivyo. Akasema hakutaka kutusumbua na jicho moja wakati bado analo lingine. Nilitamani kumkaripia zaidi lakini baba hakaripiwi.

Kesho yake kanisani likatoka tangazo. Madaktari wa macho watakuwa Mikumi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, watapima na watafanya upasuaji, wagonjwa wote wa macho wanakaribishwa. Nilimshika baba mkono pale kwenye benchi. Niliona kabisa kwamba Mungu amepanga mambo. Kutoka Kilosa hadi Mikumi ni safari ya asubuhi moja, hata ukihesabu vumbi. Tulipotoka nje nikamwambia tungeondoka alfajiri.

"Hii barua imeandikwa kwa Mganga Mfawidhi wa Kilosa," akasema. "Wa Mikumi tutampelekea nini?"

"Tutamweleza, baba."

"Tutamweleza." Alilirudia kama anavyorudia jibu la mwanafunzi aliyekosa. "Mama," akaniita kama anavyoniita siku zote, "mgonjwa hajielezi. Anaelezwa."

Mtu mwingine angebishana. Mimi nilimwelewa, na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwa sababu nilimwelewa mno. Nimekulia kwenye nyumba ya barua. Nilipokuwa darasa la tano nilitaka viatu, na baba akaniambia niandike ombi rasmi, lipitie kwa mama. Nikaandika: kupitia kwa Mama, kwenda kwa Baba, yahusu kuomba viatu. Mama aliandika pembeni kwamba anaunga mkono. Baada ya siku tatu nikajibiwa kwa maandishi kwamba ombi langu limepokelewa na nisubiri mavuno. Dada zangu walilia tu wakapata kandambili. Mimi nilisubiri nikapata viatu vya ngozi vya kufunga kamba, na tangu siku ile nikaamini kwamba anayefuata utaratibu hupewa kilicho bora. Nimelea watoto kwa imani hiyo. Nimefundisha barua rasmi kwa miaka yote niliyosimama mbele ya ubao, na nilikuwa nakata alama mbili kwa asiyeweka kupitia kwa nani.

Basi Jumatatu hatukwenda Mikumi. Tulikwenda hospitali hapa mjini kutafuta barua mpya, iliyoandikwa kwa madaktari wa Mikumi. Tulipokewa vizuri, sina la kulalamika. Dada wa dirishani alikuwa mwanafunzi wangu zamani. Alisoma barua ya zahanati, akasema mtaalamu anayeandika rufaa za macho amefiwa na atarudi Alhamisi. Kisha akainamia dirishani akashusha sauti.

"Lakini mwalimu, si mngekwenda tu? Mikumi si hapo."

Baba alimshukuru. Alimshukuru kwa ile namna yake ya kumfunga mtu mdomo, akakunja barua, akairudisha kwenye bahasha ya kwanza, na hiyo kwenye ya pili. Nami nilimtazama yule dada kwa huruma. Nilifikiri, huyu nilimfundisha nini?

Hapa niseme lile ambalo sijamwambia mtu. Nilifurahi kusubiri. Orodha ya maneno ilikuwa inatakiwa Ijumaa, na siku tatu za kukaa barazani na baba, yeye akisikiliza, mimi nikiandika, zilikuwa zawadi. Sikusema moyoni, baba asubiri ili nimalize kazi. Hakuna anayejisemea hivyo. Nilisema Alhamisi si mbali.

Barazani kwangu mchana kuna kivuli kizuri. Baba alikaa kwenye kiti cha kamba, amegeuza kichwa kidogo ili lile tundu la jicho la kushoto linione, nami nikamsomea maelezo. Yeye ndiye aliyenifundisha Kiswahili cha kuandika, na hata leo nikimwandikia ujumbe wa simu naweka koma zote.

"Soma tena hilo linalokusumbua," akasema Jumanne.

"Ni kitendo cha kupokea ombi la mtumiaji na kuliamulia seva itakayolihudumia."

"Sasa tatizo liko wapi? Hiyo ni masjala."

Akanieleza masjala kana kwamba sijawahi kuiona ofisi. Barua inaingia, karani anasoma kichwa cha habari, anaitafutia faili, anaipeleka kwa ofisa anayehusika. Aliyeandika barua hamjui ofisa, wala hana haja ya kumjua. Masjala ndiyo inayojua. Nilipenda sana. Niliandika masjala ya maombi, nikaitazama, nikaona kama nimelifungulia neno dirisha.

"Na ofisa akiwa hayupo?" nikamuuliza.

"Barua inasubiri mezani kwake."

"Huku haisubiri, baba. Seva ikionekana haipo, ombi linapelekwa kwa nyingine papo hapo, kabla mwenye ombi hajapepesa jicho."

"Kwa nyingine? Na barua imeandikwa kwa ile ya kwanza?"

"Hakuna barua. Hakuna hata jina la anayepelekewa. Yeyote mwenye nakala anahudumia."

"Basi hiyo si ofisi," akasema. "Hiyo ni vurugu."

Nilicheka. Nilicheka sana, nikafuta masjala, nikampigia mhariri kumsimulia, naye akacheka. Mikumi wakati huohuo walikuwa wanapasua watu macho.

Jumatano tuligeukia njia zenyewe, maana kitabu kilitaja tatu na kila moja ilidai jina lake. Ya kwanza, mtumiaji anauliza jina la tovuti, na anayejibu anampa anwani ya seva iliyo karibu naye, aende moja kwa moja. Hiyo nikaiita uelekezaji kwa jina. Ya pili, mtumiaji anabisha kwenye mlango anaoujua, anaambiwa si hapa, nenda pale, naye anakwenda pale. Hiyo nikaiita uelekezaji wa mlangoni. Ya tatu ilinichukua muda kuielewa. Seva nyingi zinatumia anwani moja, na barabara za mtandao zenyewe zinamfikisha mtu kwenye ile ya karibu, bila mtu kuulizwa wala kuelekezwa. Nikaiita anwani shirika, na nilijivunia jina hilo kuliko mengine yote.

Baba aliipenda ya pili. Alisema angalau hapo mtu anapokewa na mtu, anaambiwa kwa heshima aende wapi. Ya tatu aliiona kama kumtupa mgeni njiani. Mimi nilimtetea yule mgeni. Nilisema, fikiria baba, hajui njia, hana barua, hajui hata kama kuna milango mingi, lakini kila mlango atakaoufikia ndio wenyewe. Niliyasema hayo kwa kinywa changu, nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye jicho lake, na sikusikia nilichokuwa nasema. Nimejaribu kujisamehe kwa mengi katika wiki ile. Hili bado.

Mchana huo mhariri alipiga. Nilikuwa nimeandika kwamba ombi hupelekwa kwa seva iliyo umbali mfupi, akanisahihisha. "Karibu hapa siyo kilomita, mwalimu. Ni muda mpaka ujibiwe. Seva inaweza kuwa mtaa wa pili na ikawa mbali." Nikabadilisha. Baba akauliza alichosema, nikamwambia, akatikisa kichwa akasema vijana wa siku hizi wanapenda kugeuza maneno.

Aliniomba alione lile neno lililoshinda, maana hatimaye nilikuwa nimerudi kwenye uelekezaji. Nikamsogezea kompyuta. Hakuliona. Nikaikuza herufi, nikaikuza tena, mpaka neno likajaza kioo kizima kutoka ukingo hadi ukingo. Akainama, akalisoma herufi moja moja, akisogeza kichwa kutoka kushoto kwenda kulia polepole, U, E, L, E, mpaka akafika mwisho. "Ni neno zuri," akasema. "Limetulia." Sijawahi kumwona akisoma neno jingine baada ya hapo.

Alhamisi tulipata barua. Mtaalamu aliyetoka msibani aliandika bila kutusumbua, akapiga mhuri, akampa baba pole, naye baba akampa pole ya msiba. Jioni nikaituma orodha Dar es Salaam, arobaini kamili, siku moja kabla ya muda. Nilipika wali. Tulikula kwa amani kabisa, na baba aliomba sala ndefu ya kushukuru.

Ijumaa tuliingia Mikumi asubuhi na mapema. Malori ya barabara kuu yalikuwa yameshapanga foleni ya chai, na tukauliza njia mara mbili tu. Kambi ilikuwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya majengo ya kanisa. Nje kulikuwa na benchi ndefu zilizojaa watu waliofungwa jicho moja kwa bandeji nyeupe, wanapiga soga, wengine wanakula ndizi. Nilimwongoza baba mpaka mlangoni. Ndani, vijana wawili walikuwa wanafunga visanduku kwa utepe.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imetundikwa kifuani. Baba alisimama wima akamnyooshea bahasha kwa mikono miwili.

"Hii ni nini, mzee wangu?"

"Ni barua ya rufaa, daktari. Kutoka Kilosa."

"Barua ya nini jamani," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Tulikuwa tunapokea yeyote aliyefika. Wafugaji wamekuja hapa wametoka moja kwa moja kwenye ng'ombe."

Aliipokea hata hivyo. Nadhani aliona jinsi ilivyoshikwa. Aliifungua bahasha ya kwanza, akaifungua ya pili, akaisoma barua mpaka chini, akaiweka mezani kwa utaratibu. Kisha akamkalisha baba, akammulika macho, muda mrefu la kushoto, na muda mfupi sana la kulia.

Mimi aliniita pembeni, kwenye korido. Jicho la kushoto lilihitaji kupasuliwa kushusha presha, na lilihitaji sasa. Upasuaji hauwezi kurudisha kilichokwenda, aliniambia nilielewe hilo, ungezuia tu hiki kidogo kilichobaki kisiondoke. Lakini chumba cha upasuaji walikifunga Alhamisi jioni. Wenzake na vifaa walikuwa wameondoka alfajiri kwenda mkoa mwingine, na yeye amebaki kufungua bandeji na kuruhusu watu.

"Mlikuwa Kilosa wiki nzima?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mngekuja Jumatatu. Hata Jumatano tu mngekuja..." Aliona uso wangu akaacha.

Aliniandikia dawa ya matone na karatasi ya kwenda hospitali kubwa, akapiga simu mwenyewe kuomba tupangiwe siku ya karibu. Siku ya karibu ilikuwa baada ya wiki kadhaa. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba sisi si watu wa porini, kwamba tunajua kusoma, kwamba ndiyo sababu. Nikabaki nimeshika karatasi na kusema asante, asante daktari, mpaka akanigusa bega.

Baba alikuwa nje kwenye benchi, kati ya wenye bandeji. Nikakaa.

"Amesemaje?"

"Amesema tumechelewa kidogo, baba."

Jirani yake mwenye bandeji alikuwa anasimulia jinsi alivyoona rangi ya kanga ya mkewe asubuhi hiyo, akiruhusiwa kuchungulia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akampongeza. Kisha akanigeukia.

"Lakini barua ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, baba."

"Basi," akasema, na akaridhika. Ningependa kusema alikuwa ananifariji, lakini hapana, aliridhika kweli. Nilishika tama pale kwenye benchi mpaka gari la kurudi Kilosa lilipojaa.

Yaliyofuata sikuwa na uwezo nayo, na ninayaandika kwa ufupi kwa sababu hata wakati yanatokea nilikuwa nayatazama tu. Baba alirudi Lumuma na chupa ya matone kusubiri siku yake, maana alisema hawezi kukaa mjini wakati wa kupanda. Masika yakaanza kwa nguvu. Siku mbili kabla ya ile tuliyopangiwa, mto ukafurika na njia ya kutoka kwao ikakatika. Nilimpigia kaka yangu anayeishi naye, akaniambia hata pikipiki hazipiti. Nikampigia mtendaji, nikampigia mchungaji, nikampigia mwenye lori la vitunguu. Kila mmoja alinipa namba ya mwingine, na kila namba niliipiga. Nilikuwa na watu wote wa kuniambia nimuulize nani, na hapakuwa na wa kumvusha mzee mmoja mto mmoja. Siku yetu ikapita. Tulipopewa nyingine na njia ikawa imefunguka, nilimpeleka, na daktari wa huko akammulika, akazima taa yake, akasema kwa upole kwamba hakuna cha kuokoa. Ikawa hivyo.

Katikati ya hayo mhariri alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Kampuni ilikuwa imekaa kikao. Walizipenda istilahi, aliniambia, hasa anwani shirika, lakini mafundi walilalamika kwamba wameshazoea, na imeamuliwa waandike rauti tu. Kurauti maombi. Alitegemea nigombe. Mwaka mmoja nyuma ningegomba mpaka simu iishe chaji. Nilimwambia ni sawa, waandike wanavyoelewana. Akaniuliza mara mbili kama niko mzima.

Nilipanda Lumuma kiangazi kilipoanza. Sikutoa taarifa kwa sababu simu zao zilikuwa hazipatikani, na kwa sababu nilitaka kufika tu, bila kutangulizwa na lolote. Bodaboda aliniacha barabarani nikamalizia kwa mguu, kupita vitalu vya vitunguu. Ilikuwa saa sita mchana. Kaka na mkewe walikuwa shambani. Baba alikuwa peke yake uwanjani, kwenye kiti, amevaa koti na jua lote lile, amenyolewa ndevu vizuri na mtu fulani.

Alinisikia hatua. Alinyanyuka akishikilia mgongo wa kiti, akaliweka sawa koti lake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima nitakavyomwamkia kwa sauti ya uchangamfu, asijue kwamba nimelia, lakini nilipomwona anasimama kwa ajili yangu sauti ikagoma. Nikasimama tu. Baba akageuza uso upande nilipokuwa, akakosea kidogo, akawa anatazama jiko. Kuna wazee wawili watatu pale kijijini wanaomzidi umri, na mmoja wao, mjane wa mchungaji wa zamani, huja kumjulia hali mchana. Kwa baba, mgeni asiyesema huenda ni yeye, amesimama kuvuta pumzi. Na baba hajawahi katika maisha yake kumpunguzia mtu heshima anayostahili.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilisimama pale na mfuko wa mikate mkononi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa wake, anangoja kuitikiwa.